Mstari wa 740

Kisangani, 9 Januari 2024

Kwa Papa Cyprien Bokanga,
Basoko

Papa,

Salamu nyingi. Hunijui. Naitwa Ramla Mahmoudi, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya wasichana hapa mjini. Jina lako nimelipata kwenye karatasi ya karanga.

Naomba usicheke. Mwezi wa kumi na moja nilinunua karanga kwa mama Delphine, ambaye huzifunga kwenye karatasi kuukuu zenye matundu pembeni, zile za printa za zamani. Karanga zilipokwisha nikaona karatasi imejaa mistari ya programu: namba kushoto, amri kulia. Nikarudi mbio sokoni. Mama Delphine alikuwa amebakiwa na bunda moja. Nikampelekea magazeti ya kufungia, naye akanipa bunda lote. Akaniuliza, "Mwalimu, uko na njaa ya karatasi?"

Juu ya kila ukurasa pameandikwa: SAFARI YA ZOHALI, C. BOKANGA, CENTRE DE CALCUL, 1989. Ni mchezo wa kompyuta ulioandikwa katika kituo cha kompyuta cha chuo kikuu cha hapa. Mchezaji anaongoza chombo kutoka Duniani, anapita kando ya Mwezi na Mirihi bila kuvutwa akaanguka, anawafikishia maji watu wanaomngoja Zohali. Mafuta ni machache. Nimeusoma kama mtu anavyosoma hadithi.

Shule yetu imeletewa katoni ya vikokotoo thelathini, vya aina ile inayochora grafu na kukubali programu. Wasichana wangu wanavitumia kujumlisha tu. Kompyuta hatuna, umeme unakuja unapotaka, lakini kikokotoo kinakula betri nne ndogo na kinaingia mfukoni mwa sare. Nataka kuuhamishia mchezo wako humo, waone kwamba zile sine na cosine wanazozilalamikia zinaweza kubeba maji hadi Zohali.

Tatizo ni kwamba watu wameshakula ukurasa mmoja. Kutoka mstari wa 310 hadi wa 600 hakuna kitu. Mlinzi mmoja mzee wa chuo ameniambia ulistaafu ukarudi kwenu Basoko. Namba ya simu aliyonipa haiiti, kwa hiyo barua hii inakuja na msafiri wa baleinière, mashua kubwa ya mto.

Unaniruhusu? Na je, unaikumbuka mistari iliyoliwa?

Kwa heshima,
Ramla


Basoko, 30 Januari 2024

Mwalimu Ramla,

Barua imefika. Imelowa pembeni lakini inasomeka. Nimeisoma mara tatu. Hapa watu wanasema Lingala tangu asubuhi, na miaka mingi imepita bila mtu kuniandikia kwa Kiswahili.

Ruhusa unayo. Mistari iliyoliwa iko nyuma ya karatasi hii. Kichwa kimesahau mengi, lakini vidole havikusahau. Niliweka mikono juu ya meza kana kwamba mashine ipo mbele yangu, nikafumba macho, ikaja yote isipokuwa wa 480, ambao nimeuunda upya. Ukague.

Lakini niambie, kwa nini unajisumbua? Mchezo ule ulichezwa mwaka mmoja, wakati wa mapumziko ya mchana, kisha mashine ikaharibika. Hakuna aliyewahi kuuliza habari zake tena.

C. Bokanga


Kisangani, 15 Februari 2024

Papa Cyprien,

Asante! Mstari wa 480 uko sawa. Nimeujaribu.

Unauliza kwa nini ninajisumbua. Mwaka jana nilikuwa na wasichana kumi na wanane katika darasa la hesabu za juu. Mwaka huu ni kumi na mmoja. Wazazi wanasema hesabu ni za wavulana, na wasichana wenyewe wameanza kuamini. Mwakani wakibaki watano, préfet, mkuu wa shule, atalifunga darasa. Ameshaniambia hivyo, tena bila ubaya. Donc, ninatafuta kitu cha kuwafanya wabaki.

Kazi inakwenda, polepole. Kioo cha kikokotoo kina nukta tisini na sita kwa sitini na nne, nyeusi tu. Mashine yenyewe ni nzito kufikiri: nikiomba sine katika kila hatua, chombo kinatambaa kama konokono. Nimeamua sine zote zihesabiwe mwanzoni na kuwekwa katika orodha, kisha chombo kinazichota tu. Sasa kinatembea.

Ila mstari wa 740 umenishinda. Kila hatua ya saba unaongeza moja kwenye namba inayopima chombo kiko kulia kiasi gani, bila maelezo, pembeni pameandikwa REM A na basi, REM ikiwa alama tu ya maelezo. Nikiuacha, kwenye kikokotoo chombo kinapinda kulia. Nikiutoa, kinakwenda vizuri. Bon, nikautoa. Lakini ndani ya katoni kulikuwa pia na kifaa kimoja kidogo cha mkononi cha kuchezea, ambacho programu yake inabadilishwa. Huko nikiutoa mstari huohuo, chombo kinaanguka kwenye Mwezi kila mara. Mstari mmoja unawezaje kuwa sumu hapa na dawa pale? Na hiyo A ni nini?

Benie, mwanafunzi wangu mwenye akili kuliko wote, aliniuliza jana, "Madame, aliyeandika hii iko mwanaume?" Nikamjibu ndiyo, ni papa mmoja wa Basoko. Akasema, "Nilijua," akaendelea na kazi. Sikuipenda ile "nilijua", lakini ningesema nini, na ndio ukweli?

Ramla


Basoko, 4 Machi 2024

Mwanangu Ramla,

Swali lako la 740 nimelingoja miaka thelathini na mitano.

Mashine yetu ya wakati ule haikupenda desimali. Ukigawanya, inatupa mabaki. Kila hatua ilitupa kidogo, kitu ambacho jicho haliwezi kuona, lakini baada ya hatua mia chombo kimeshaacha njia, kiko kushoto, Mwezi unakimeza. Mstari wa 740 unarudisha kilichotupwa. Kikokotoo chako kinahesabu na desimali zote, hakitupi kitu, ndiyo maana ukikirudishia kinapinda kulia. Kifaa cha mkononi kinatupa kama mashine yetu. Humo uache mstari ubaki.

Lakini usiiamini saba. Saba ilikuwa ya mashine yetu. Ondoa Mwezi, ondoa Mirihi, tuma chombo peke yake katika anga tupu kwa njia iliyonyooka, uhesabu ni baada ya hatua ngapi kinaiacha njia kwa nukta moja. Namba utakayoipata ndiyo ya kuandika.

Na kioo kikiwa kidogo, futa nyota. Zile za nyuma ni mapambo tu. Mchezaji anahitaji kuona mahali alipo na kitu kinachomvuta.

A ni herufi tu.

Mwambie Benie aendelee.

C. B.


Kisangani, 24 Machi 2024

Papa,

Ni hatua ya tano! Tulikaa sita mezani, tukatuma chombo katika anga tupu, Benie akihesabu kwa sauti. Tukaandika tano mahali pa saba, tukarudisha Mwezi, chombo kikaupita kwa unene wa ukucha. Wasichana walipiga kelele hadi mwalimu wa historia akaja kuona kuna nini.

Nyota tumezifuta. Ulisema kweli, sasa mtu anaona.

Vikokotoo vyote thelathini vimeshapata mchezo, tunaunganisha kimoja na kingine kwa waya. Wasichana wa madarasa mengine wanakuja kuomba. Wanne wameuliza kama wanaweza kuhamia darasa langu.

Alors, habari kubwa. Préfet amekubali tufanye siku ya hesabu tarehe 11 Mei, wazazi waje. Atakupa cheti cha shukrani mbele ya watu wote. Jina lako limeshaandikwa kwa mkono na mtu mwenye mwandiko mzuri. Nafasi yako kwenye baleinière tumeshaiomba, na mama yangu amesema utalala kwetu, atakupikia pondu, mboga ya majani ya mihogo, na samaki.

Papa, tafadhali usikatae. Miezi hii nimekuwa nikikungoja kwenye kila mashua inayopanda mto kutoka kwenu.

Binti yako,
Ramla


Basoko, 8 Aprili 2024

Mwalimu,

Usinitarajie. Afya haikubali. Futeni jina kwenye cheti, fanyeni siku yenu bila mimi, na usiniandikie tena juu ya jambo hili.

C. B.


Kisangani, 17 Aprili 2024

Papa Cyprien,

Nimekukosea nini? Nimesoma tena barua zangu zote kichwani. Labda nilikuita haraka mno, kama mtoto asiye na adabu. Labda hukupenda cheti. Kama ni ugonjwa, niambie ni ugonjwa gani.

Kaka yangu Hamadi anauza chumvi na sabuni kwenye mto. Kawaida anaishia Isangi, lakini safari hii nimemwomba afike hadi kwako. Anakuletea dawa za maumivu, sukari, na kikokotoo kimoja chenye mchezo wako ndani. Hatakuuliza chochote. Atakusalimu tu na kuniletea habari kwamba uko hai.

Ramla


Basoko, 26 Aprili 2024

Ramla,

Hamadi ataondoka kesho asubuhi na barua hii. Atakusimulia aliyoyaona, lakini nataka uyasikie kwangu kwanza.

Alifika saa nne nikiwa natwanga. Akasema kwa adabu, "Mama, nimeleta zawadi ya papa Cyprien. Iko ndani?" Kabla sijafungua mdomo, shemeji yangu Carlos akatoka nyumbani. Akamuuliza, "Cyprien gani? Ndugu yangu alishakufa, iko mwaka wa tatu sasa."

Hamadi akasimama na mfuko wake mkononi. "Sasa barua nani anaandika?"

Wote wakaniangalia.

Mimi ni Adèle, mjane wa Cyprien. Barua zote ulizopokea nimeziandika mimi. Ya kwanza niliifungua kwa sababu ilikuwa na jina lake, nikasema nitajibu mara moja tu, kwa heshima yake. Kisha ukauliza juu ya 740, na sikuweza kunyamaza. Ule mstari ni wangu.

Nilitoka Kindu nikiwa msichana, nikapata kazi ya kupiga chapa kwenye centre de calcul. Cyprien alikuwa msaidizi wa mwalimu. Mchezo aliuwaza yeye: sayari, chombo, watu wenye kiu. Lakini chombo kilikuwa kinaanguka, na wanaume wanne walibishana wiki tatu. Mimi nilikuwa nachapa namba zao kutwa, nikaona kuna kitu kinapotea njiani. Wakati wao wakila, niliandika upya sehemu yote ya njia ya chombo, kuanzia mstari wa 300 hadi wa 800. Cyprien aliporudi akasoma, akakaa chini. "Adèle, hii ni kazi ya nani?" Nikamwambia, yangu.

Alikwenda kwa mkuu wetu akataka tuandike majina mawili. Mkuu akacheka. "Mpiga chapa anahesabu njia za sayari?" Akalikata jina langu kwa kalamu nyekundu. Cyprien akarudi, akaniambia tuache, tusilete vita. Nikaweka ile A pembeni. Aliiona, hakuifuta. Mwaka uliofuata tukaoana.

Usimhukumu. Hakuniibia. Lakini pia hakunipigania. Mambo hayo mawili yote ni kweli, na nimelala nayo kitanda kimoja miaka thelathini na miwili. Alikuwa mume mwema.

Ulipoandika kwamba Benie alisema "nilijua", nilitaka kukuambia. Nikaogopa utaacha kuandika. Ulipoleta habari ya cheti, nikaogopa zaidi. Nimekudanganya wewe uliyeniita baba, na hilo ndilo linalonichoma.

Kaka yako ni mtu mzuri. Wakati Carlos anapiga kelele, alikuja akaweka kikokotoo magotini pangu, akasema, "Basi, Mama, hii iko yako."

Adèle Feza, mjane Bokanga


Kisangani, 6 Mei 2024

Mama Adèle,

Nilikasirika siku mbili. Sitakuficha. Nilikuwa nimempenda yule mzee wa barua, nimemfikiria uso wake na miwani yake, kumbe nilikuwa namlilia mtu aliyekufa kabla sijamjua. Nilimwambia mama yangu kwamba sitakujibu. Akaniuliza, "Hesabu alizokupa zilikuwa za uongo?" Nikasema hapana. Akaendelea kuchambua mchele.

Siku ya tatu niliingia darasani nikawasomea barua yako, bila kuruka neno. Benie alichukua kile kifaa cha mkononi, akafungua programu, akatafuta mstari, akabonyeza muda mrefu. Kisha akaniletea nione. Mahali pa REM A sasa pameandikwa REM ADELE.

Préfet ni kazi nyingine. Anasema cheti kimeshaandikwa, na marehemu hanyang'anywi heshima. Nimemwomba tusogeze siku hadi tarehe mosi Juni, amekubali. Lakini mimi siwezi kuamua jina gani lisomwe mbele ya watu. Niambie wewe. Ukisema liwe lake peke yake, nitalisoma lake. Ukisema liwe lako, nitagombana na préfet.

Ningependa zaidi uje useme mwenyewe. Chakula ni kilekile.

Ramla


Isangi, 23 Mei 2024

Mwanangu,

Nakuandikia nimekaa juu ya gunia la mihogo. Injini ya baleinière inatengenezwa tangu jana. Kuna kijana mwenye pikipiki anayekwenda leo Kisangani, nampa karatasi hii ili ikutangulie, usije ukadhani nimebadili nia.

Carlos alikataa. Alisema, "Unataka kumzika ndugu yangu mara ya pili?" Nikamwambia jina la Cyprien limesimama peke yake miaka thelathini na mitano, halitaanguka likisimama na langu. Akasema ninawaletea aibu. Nikafunga nguo zangu. Bandarini hakunisindikiza, na ni mara ya kwanza tangu msiba nimesafiri bila mtu wa ukoo kunipungia mkono.

Donc, andika majina mawili: Cyprien Bokanga na Adèle Feza. Préfet akikataa, asisome hata moja, nitakula pondu ya mama yako nirudi.

Ninaogopa, Ramla. Sijasimama mbele ya watu tangu harusi yangu.

Adèle


Basoko, 20 Juni 2024

Mwanangu Ramla,

Nimefika salama. Mwambie mama yako kitambaa alichonipa kimesifiwa kila bandari.

Siku zile tano kwenu tuliongea mambo mengi, ila hukuniuliza kwa nini nililia, na mimi nilikushukuru kwa kutouliza. Watu walidhani ni kwa sababu ya cheti. Si cheti, ingawa nilifurahi préfet alipoyasoma majina yote mawili, na akakohoa katikati. Nililia baadaye, Benie aliponipa kikokotoo na kuniambia, "Mama, ni zamu yako."

Sikuwahi kuucheza. Sikumwambia mtu. Mashine ilikuwa moja, wanaume walikuwa wanapanga foleni wakati wa mapumziko, nami nilitakiwa niwe nimeondoka kabla hawajaanza. Niliandika njia ya kwenda Zohali na sikuwahi kuruhusiwa kuiendea. Kisha mashine ikaharibika. Nimezeeka nikiijua kwa namba tu.

Uliona mwenyewe. Nilianguka kwenye Mwezi mara ya kwanza. Wasichana wako, ambao sasa wamefika kumi na saba, walivyocheka! "Rudia, Mama! Rudia!" Sijacheka hivyo tangu Cyprien alipokuwa hai, na nilitamani awepo, aone, na aone haya kidogo.

Hapa nyumbani Carlos alinisalimu kwa kichwa tu. Cheti nilikiweka mezani, sikukitundika. Kikokotoo nilikiacha juu yake, nikaenda shambani kwangu siku nne mfululizo, nikitoka alfajiri na kurudi jioni. Kila nikirudi nilikuta kimesogezwa. Siku ya tatu nilikuta betri zimekwisha, nikaweka nyingine.

Leo asubuhi nilikuwa nafagia uwanja. Carlos akatoka amekishika kwa mikono miwili, amekunja uso kama mtu anayeumwa jino. Akasimama pale hadi nikaacha kufagia.

"Mama Adèle," akasema, "huu Mwezi unanivuta kila mara. Ulifanyaje mutu apite?"

Nikaweka ufagio chini, nikamwambia avute kiti.

Mama yako,
Adèle Feza